Ulimi Hulifuata Sikio: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sauti za Usemi

Tulipowaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu matamshi, nilitarajia barua za kuuliza neno lipi ni fasaha na lipi si fasaha. Zilizofika mezani kwangu hapa Tanga zimekwenda mbali zaidi ya hapo: watu wanataka kujua kinywa hufanyaje kazi hadi pumzi ikageuka neno, na sikio nalo hupokea nini hasa. Nimechagua barua tano. Moja nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake yumo mtoto anayechapwa kwa kosa ambalo si lake, na jambo la namna hiyo halijibiwi kwa mistari miwili.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, mkazi wa Chumbageni. Kila nikiisikiliza sauti yangu katika ujumbe wa sauti niliomtumia mtu kwa simu, naona siyo yangu. Ni nyembamba na kali, kama ya mtoto. Rafiki zangu wanasema ndivyo ninavyosikika siku zote. Je, simu huiharibu sauti, au ni masikio yangu yanayonidanganya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki zako wamesema kweli, wala masikio yako hayana kosa. Tuanzie pale sauti inapozaliwa. Pumzi hutoka mapafuni ikapanda hadi kwenye kikoromeo, na humo hukuta nyuzi sauti, ambazo ingawa tunaziita nyuzi ni mikunjo miwili ya nyama laini inayoweza kukutana na kuachana. Zinapokutana, pumzi huzisukuma zikaachana, kisha zikakutana tena, na kwa mwanamke mtu mzima jambo hilo hutokea kiasi cha mara 200 kwa sekunde moja. Kwa mwanamume ni kama mara 120, na kwa mtoto mdogo hupita mara 250. Kinachotoka hapo si neno bado, ni mvumo tu kama wa nyuki mzingani. Koo, kinywa na pua ndivyo vinavyoupa mvumo huo sura: ukishusha taya na kuulaza ulimi unapata a, ukiuinua ulimi mbele karibu na kaakaa unapata i, na pumzi ni ile ile.

Sauti hiyo huyafikia masikio yako mwenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa, ambayo ndiyo inayotufikishia na sisi wengine. Ya pili ni mifupa ya fuvu lako, ambayo hupitisha vizuri zaidi mitetemo ya chini, ile minene, kwa hiyo wewe hujisikia una sauti nzito kuliko tunayoisikia sisi. Jaribu sasa hivi: ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha vuma mmm midomo ikiwa imefungwa. Utaisikia sauti imejaa kichwa kizima, nene kuliko ilivyokuwa masikio yakiwa wazi. Kinasa sauti hakipati mchango huo wa mifupa; hunasa ile ya hewani peke yake, nayo ndiyo sauti ambayo mama yako ameijua tangu ulipoanza kusema.

Simu ina lawama yake, lakini zaidi ni katika kupigiana. Kwa miaka mingi njia za simu zilipitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde, ilhali nguvu kubwa ya sauti s iko juu ya 4,000. Ndiyo maana futa na suta hufanana simuni, na ndiyo maana karani anayekuandikisha jina kwa simu hukuuliza, "S ya Simba au F ya Fisi?" Katika mazungumzo ya kawaida hatulioni pengo hilo kwa sababu ubongo hulijaza. Mwaka 1970 Richard Warren wa Marekani aliondoa sauti moja katika neno lililorekodiwa akaweka kikohozi mahali pake, na karibu wasikilizaji wake wote walisema hakuna sauti iliyokosekana. Tunachokisikia, basi, si kile tu kinachoingia sikioni. Ni pamoja na kile ambacho ubongo umezoea kukitarajia. Naomba jambo hilo tulishike, kwa kuwa barua inayofuata inalihitaji.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi wilayani Muheza. Mwaka huu tumempokea mvulana aliyehamia pamoja na wazazi wake kutoka Tarime. Baba yake amepata kazi katika shamba la mkonge. Mtoto ana akili, hesabu anaziweza, lakini anasema "mwarimu" na "kurara", na wenzake wanamcheka. Mwenzangu mmoja humchapa kila anapokosea. Juzi nilimkalisha nikamwambia, "Sema lala." Akasema, "Rara." Nikamwambia, "Si rara, ni lala." Akanitazama kwa mshangao akajibu, "Mwarimu, ndivyo nirivyosema." Je, ulimi wake una kasoro?

JIBU: Ndugu mwalimu, ulimi wa mtoto huyu ni mzima. Jibu alilokupa, kwamba ndivyo alivyosema, limebeba ukweli wote wa jambo hili, nami nawaomba walimu wenzetu walisome mara mbili. Mtoto hakukaidi. Alisema kile alichokisikia.

Tuanze na ulimi kwa kuwa ndio unaolaumiwa. Tamka la pole pole, kisha uushikilie ulimi pale ulipofika kabla haujashuka. Ncha yake imegusa ufizi, nyuma ya meno ya juu, na pumzi inapita kandokando, kushoto na kulia; kwa sababu hiyo wanaisimu huiita l kitambaza. Sasa tamka ra. Ncha imekwenda pale pale kwenye ufizi, ila safari hii haikutua. Imepiga na kuondoka, mara moja au mara kadhaa kwa haraka, na sauti hiyo tunaiita kimadende. Mahali ni pamoja, nyuzi sauti zinatetema katika zote mbili, na midomo haina kazi. Tofauti ni kutua na kupiga, basi. Kwa tofauti ndogo kiasi hicho, si ajabu kwamba lugha nyingi za Kibantu hazikuona haja ya kuwa na sauti zote mbili. Kisukuma kinatumia l, Kikurya kinatumia r, na kila kimoja kinajitosheleza. Mtoto aliyelelewa kwa Kikurya hakuwahi kulazimika kuzitenganisha, maana hapakuwa na maneno mawili nyumbani kwao ambayo yangechanganyika asipofanya hivyo.

Sasa twende kwenye sikio. Sauti ikiingia hutikisa kiwambo cha sikio, nacho husukuma vifupa vitatu vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku, navyo hupeleka mtikisiko huo katika mfereji wenye majimaji uliojikunja kama kombe la konokono. Humo zimo chembe zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ambazo huugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Hadi hapo sikio la mtoto wa Tarime na sikio la mtoto wa Pangani hayana tofauti hata kidogo. Tofauti huanzia ubongoni, kwa maana ubongo hauziachi sauti kama zilivyofika. Huzipanga katika mafungu uliyoyajenga zamani, na ambaye kwake l na r ni fungu moja, kwake hizo ni sauti moja, hata ukizirudia mbele yake mchana kutwa.

Mafungu hayo hujengwa mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walitoa taarifa ya majaribio waliyowafanyia watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza kwa sauti mbili za Kihindi zilizo jamii ya t, ambazo watu wazima wa nyumba hizo hupata taabu kubwa kuzitofautisha. Mtoto hupakatwa, sauti moja ikarudiwa na kurudiwa, na inapobadilika kichezeo kilicho kando yake huwaka na kucheza. Akishauelewa mchezo, hugeuza kichwa mara tu anaposikia mabadiliko. Watoto wa miezi 6 hadi 8 wengi waligeuka. Wa miezi 10 hadi 12 waliogeuka ni wachache sana. Yaani mtoto hajasimama dede vizuri, na tayari sikio lake limekwisha kuamua tofauti zipi za kufuatwa na zipi za kuachwa. Utamchapaje mtoto wa miaka kumi kwa uamuzi alioufanya akiwa mgongoni mwa mama yake?

Hata hivyo sikio hufundishika. Wajapani wanaojifunza Kiingereza wana taabu ile ile ya l na r, na katika miaka ya 1990 watafiti wa Japani na Marekani waliwafunza baadhi yao kwa kuwasikilizisha tu. Mtu husikilizishwa neno moja kati ya jozi, lililotamkwa na wasemaji mbalimbali, akachagua ni lipi, akaambiwa papo hapo kama amepatia au amekosa. Hakufundishwa kutamka hata mara moja. Baada ya wiki chache za kazi hiyo watu hao walisikia vizuri zaidi, na taarifa ya mwaka 1997 ikaonyesha kwamba matamshi yao nayo yalikuwa yametengenea. Kwangu mimi hakuna utafiti wa matamshi unaomfaa mwalimu wa shule ya msingi kuliko huo, kwa sababu unatuambia tuanzie wapi.

Kwa hiyo anza na sikio, mwalimu, na ulimi uuache kwanza. Tafuta jozi za maneno ambazo tofauti yake ni l na r peke yake: kalamu na karamu, mahali na mahari, mbali na mbari, sili na siri. Nilipokuwa nikifundisha Pangani, miaka mingi iliyopita, nilikuwa na msichana mwenye shida hiyo hiyo. Tulikaa chini ya mkungu wakati wa mapumziko nikiwa na karatasi mbili, moja nimechora kalamu na nyingine sinia la pilau. Niliuficha mdomo wangu kwa daftari nikatamka neno moja, naye kazi yake ilikuwa kugusa karatasi. Siku ya kwanza kidole chake kilikuwa kikizunguka hewani kati ya zile karatasi, kisha kinaangukia popote. Nikawaita wenzake watamke wao, mmoja mwenye sauti nyembamba, mwingine wa sauti nzito, na mpishi wa shule naye akaja akatamka. Kila akikosa tulimwambia bila kucheka, na neno likarudiwa. Katika wiki ya pili, siku moja, aligusa lile sinia kabla mpishi hajamaliza kutamka, akainua macho akasema, "Kumbe ni mbili!" Sikumwambia tamka. Alianza mwenyewe, akiupeleka ulimi na kuurudisha, mpaka kengele ilipolia.

Kuuficha mdomo kuna sababu yake. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliwaonyesha watu picha ya uso unaotamka ga huku wakiwasikilizisha sauti inayosema ba, na watu wazima wengi walisikia da, sauti ambayo haikuwamo katika picha wala katika kinasa sauti. Jicho huingia katika kazi ya sikio bila kubisha hodi. Mwanzoni liache sikio lifanye kazi peke yake. Likishaweza, ondoa daftari, mwache mtoto aangalie ulimi wako unavyotua na unavyopiga, na hapo ndipo aanze kutamka kwa sauti.

Kuhusu fimbo, nitasema bila kuzunguka. Mtoto anayechapwa kwa ajili ya sauti asiyoisikia hajifunzi sauti, hujifunza kunyamaza. Ataanza kuyakwepa maneno yenye l, atajibu kwa kichwa, na mwisho wa mwaka mtasema hajui Kiswahili, kumbe mmemfunga kinywa ninyi wenyewe. Mwoneshe mwenzako barua hii. Na hao watoto wanaomcheka, wape kazi ya kuwa wasemaji wa zile jozi, ili kicheko chao kigeuke msaada.

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa maeneo ya Ngamiani. Katika tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi sahihi, tunamfundisha mtoto makharija ya herufi, yaani ipi hutokea kooni, ipi ulimini na ipi midomoni. Vijana wa sekondari wananionyesha vitabu vya Kiswahili vyenye michoro ya kinywa na maneno kama ufizi na kaakaa laini. Je, hizi ni elimu mbili au ni moja? Na kwa nini watoto wetu, ambao Kiswahili chao kina maneno mengi ya Kiarabu, hupata taabu kutofautisha ha, kha na he?

JIBU: Waalaykumu salaam, maalim. Ni elimu moja, na yenu ina umri mkubwa. Katika karne ya 8, huko Basra, Al-Khalil bin Ahmad alipanga kamusi ya Kiarabu isiyofuata alifu, be, te. Alizifuata herufi kwa kina cha mahali zinapotokea, akaanza na aini kwa kuwa inatoka ndani kooni, akaja mbele hadi midomoni. Kila herufi aliitamka akiitanguliza alifu, ili asikie mahali pumzi inapozuiwa. Mwanafunzi wake Sibawayhi, ambaye asili yake ilikuwa Mwajemi, alihesabu makharija 16; walimu wengi wa tajwidi leo wanahesabu 17, kwa kumfuata Ibnul-Jazari. Ukiweka mpango wao kando ya mchoro katika kitabu cha kijana wako, koo, kaakaa laini, kaakaa gumu, ufizi, meno na midomo, utaona mstari ni ule ule, umechorwa na watu waliotumia vinywa vyao wenyewe kuwa vyombo vya uchunguzi. Naliheshimu sana jambo hilo, na kila ninapofundisha ala za sauti hulitaja.

Kitu ambacho hawakuweza kukiona ni nyuzi sauti, kwa kuwa zimejificha. Wao waligawanya herufi kuwa za jahri na za hamsi, mgawanyo unaokaribiana na ule tunaouita leo ghuna na sighuna, yaani sauti ambazo nyuzi sauti hutetema na zile ambazo hazitetemi. Mtu wa kwanza anayejulikana kuziangalia vizuri nyuzi sauti zikifanya kazi ni mwalimu wa uimbaji, Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia kijioo kidogo na mwanga wa jua kutazama koo lake mwenyewe. Lakini hata bila kioo mtoto wa madrasa anaweza kuzijua: mwambie aweke vidole viwili kwenye kikoromeo, avute sss, kisha bila kusita ageuze zzz. Ulimi haukusogea, ila vidole vitahisi mtetemo umeingia. Hiyo ndiyo tofauti yote ya sini na ze.

Ama kuhusu ha, kha na he, tazama maneno haya matatu tunayoyasema kila siku: hali, habari na hewa. Katika Kiarabu la kwanza lina ha, la pili kha, la tatu he. Yalipoingia Kiswahili yote matatu yalipewa h moja. Sabuni lilikuja na swadi na salama lilikuja na sini, nayo leo yanaanza kwa s moja. Wazee wetu hawakuwa wavivu wa ulimi. Masikio yao yalikuwa na mafungu ya Kibantu, na kila sauti iliyokuja iliwekwa katika fungu lililokuwa karibu nayo. Dh, th na gh zilipata fungu lao hapa pwani, lakini ukienda bara utasikia zahabu, selasini na gali, kwa sababu ile ile. Kwa hiyo mtoto anayekuja kwako akijua neno habari hana msaada wowote wa kumwezesha kusikia kha. Pengine neno hilo ndilo linalomzuia, kwani ameshazoea kwamba hapo pana h.

Nanyi mnayo dawa yake, maalim, kabla hata wataalamu hawajaandika: mtoto husikiliza kwanza kwa mwalimu, akarudia, akasahihishwa, akasikiliza tena. Nyongeza yangu ni ndogo. Mara nyingine mwite mtoto ageuke, asikuone, utamke ha au kha, naye aseme umetamka ipi. Akishindwa kuzisikia, usimharakishe kuzitamka.

SWALI: Mimi ni kijana wa Mkinga. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Mombasa. Kila nikisema nimekula kaa, hucheka na kuniuliza kama nimetafuna makaa. Anasema wa baharini nimtamke kwa pumzi. Mimi sisikii tofauti yoyote.

JIBU: Bibi yako ana hazina kinywani, nawe umepata bahati ya kuwa karibu naye. Chukua kipande cha karatasi laini, ile ya kufungia maandazi yafaa, ukishike wima karibu na midomo yake, umwombe atamke paa la nyumba, kisha paa wa porini. Kwa paa la nyumba karatasi itatulia; kwa mnyama itaruka. Pumzi hiyo inaitwa mpumuo, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kinatofautisha kwayo maneno mengi: kaa la moto halina, kaa wa pwani anayo, tembo la mnazi halina, tembo wa mwituni anayo.

Pumzi hiyo ilitoka wapi? Angalia majina ya kundi la mbuzi, ndizi na ngoma. Kila moja linaanza na sauti ya pua, m au n, iliyotangulia b, d au g. Majina ya kundi hilo yanayoanza na p, t na k nayo yalikuwa na sauti ya pua hapo zamani, ila ilidondoka, ikaacha pumzi mahali pake. Paa wa porini, tembo wa mwituni na kaa wa pwani ni wa kundi hilo. Paa la nyumba, kaa la moto na tembo la mnazi ni wa kundi jingine, ambalo halikuwa na sauti ya pua, kwa hiyo hayana kitu cha kukumbuka. Ukimsikiliza bibi akisema ukuta na kuta, upande na pande, utaisikia pumzi imeingia katika wingi. Mimi kila nikiusikia mpumuo huo huona ni kama alama ya mguu wa neno lililopita hapo kabla ya babu zetu.

Tofauti yenyewe ni ya muda. Leigh Lisker na Arthur Abramson, katika uchunguzi wao wa mwaka 1964 juu ya lugha kadhaa, walipima muda kati ya kinywa kufunguka na nyuzi sauti kuanza kutetema. Penye mpumuo nyuzi huchelewa kidogo, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na muda huo mfupi ndio bibi yako anaousikia waziwazi nawe unaupita. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, tahajia iliyofuatwa haikuupa mpumuo alama, na kilichokosa alama shuleni huwa rahisi kupotea masikioni. Hukukosea kusema kaa bila pumzi, ndivyo wengi wetu tusemavyo. Ila usiiache nafasi hiyo ipite: mrekodi bibi akiyatamka maneno hayo, mawili mawili, nawe uyasikilize.

SWALI: Mwanangu ana miezi saba, ameanza kusema bababa. Baba yake anafurahi, anasema ameitwa. Je, ni kweli? Pia jirani yangu hapa Pongwe ana mtoto wa miezi kumi na mmoja ambaye hatoi sauti za namna hiyo, na mlango ukigonga hageuki. Anaambiwa angoje, atasema tu.

JIBU: Mama, mpeni baba furaha yake. Mtoto bado halitumii neno hilo kumwita mtu. Anafungua na kufunga taya huku midomo ikikutana, na kwa mwendo huo b na m ndizo sauti zilizo karibu zaidi naye, jambo ambalo huenda ndilo linalofanya maneno ya kuwaita wazazi yafanane katika lugha nyingi za dunia. Lakini akijibiwa kila anapotamka, maana itakuja. Sikio lake lilianza kazi kabla hajazaliwa: Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha mwaka 1980 kwamba watoto wasiozidi siku tatu walibadilisha namna ya kunyonya chuchu ya mpira ili wasikilizishwe sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Zungumza naye ukimwogesha, mtajie vitu, mwimbie.

La jirani yako ni la haraka. Mtoto asiyesikia hulia na kuguna kama wengine katika miezi ya kwanza, kwa hiyo ni rahisi kudhani yu mzima; lakini sauti za silabi, kama bababa na dadada, huchelewa kwake, kwa kuwa hana cha kufuata. Miezi kumi na mmoja bila sauti hizo, pamoja na kutoshtuka mlango unapogonga, ni sababu tosha ya kumpeleka hospitali wiki hii na kuomba masikio yake yapimwe. Huenda ni usaha au maji nyuma ya kiwambo, na hayo yanatibika. Huenda ni jambo kubwa zaidi, na hapo kila mwezi anaopata msaada mapema, iwe kwa kifaa cha kusikia au kwa lugha ya alama, ni mwezi wa kujenga yale mafungu niliyoyaeleza kwa mwalimu wa Muheza. Mwambie asingoje. Na kama anaogopa kwenda peke yake, mfuatane.